Mkono wa Wendell

Wendell Hryciuk ni mtu wa kukiomba radhi hata kiti alichojikwaa nacho. Usimcheke. Hapa Kettle Bend, katikati ya mashamba ya ngano ya Manitoba, Kanada, nusu ya mji ni kina Wendell, na nusu nyingine wameoana nao.

Alifanya kazi kwenye ghala la nafaka mpaka akastaafu, akabaki na bustani ya viazi na mkewe Bernadette. Mwaka jana miguu ya Bernadette iligoma, akahamia makao ya wazee mji wa jirani. Basi la kwenda huko hakuna. Kwa hiyo kila siku, iwe theluji iwe tope, Wendell huwasha gari akampelekea pirogi, yale maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, na umbeya.

Sasa daktari, kwa ajili ya umri tu, akamtaka arudie mtihani wa udereva. Akifeli mara mbili, leseni inakwenda, na kumwona mkewe itakuwa kwa hisani ya wenye magari. Wendell, ambaye yuko radhi kutembea uchi kuliko kuomba lifti, akakosa raha.

Mtahini alikuwa binti mpole aitwaye Harleen. Mambo yalikwenda vizuri hadi kwenye njia panda, ile yenye alama za kusimama pande zote nne. Sheria ni nyepesi: aliyefika kwanza hupita kwanza. Wendell alifika kwanza. Lakini ng'ambo alimwona Lorraine Fehr, muoka mikate, akampungia mkono apite. Lorraine naye akapunga: hapana, pita wewe. Akatokea Gilles, fundi bomba, akawapungia wote wawili. Magari yakajipanga nyuma yao, na hakuna aliyepiga honi. Honi huku ni za harusi.

"Mzee wangu, zamu ni yako," Harleen akasema.

"Najua, binti. Lakini yule mama ana mikate ya moto."

Akafeli. Harleen akamwomba radhi kwa kumfelisha, naye akamwomba radhi kwa kumtia katika hali ile.

Asubuhi yake mkahawani alisimulia yote. Lorraine akaiva uso.

"Yaani nimekufelisha mimi?"

"Siyo wewe, dada. Ni huu mkono."

"Umebakiwa na nafasi?"

"Moja tu. Alhamisi."

Lorraine akawageukia waliokuwa wakinywa kahawa. "Nyie, sikilizeni. Alhamisi hakuna kumpungia Wendell. Hakuna hata kutabasamu. Gilles, nakusema wewe."

"Kwani mimi nimefanya nini?"

"Wewe unampisha mpaka kunguru!"

Alhamisi Wendell akafika njia panda, Harleen pembeni yake. Lorraine alikuwa ng'ambo, amekodolea macho dari la gari lake kana kwamba linavuja. Gilles alikuwa ameinama anatafuta kitu chini ya kiti, kitu ambacho hakikuwepo. Mji mzima ulikuwa umenuna kwa ajili yake. Wendell akahisi mkono wa kulia unanyanyuka wenyewe. Akaukaza kwenye usukani, akajikaza kisabuni, akapita mbele yao wote bila hata kupepesa jicho. Roho ilimuuma, nami namwelewa kabisa.

Mchana akaingia chumbani kwa Bernadette na kopo la pirogi.

"Enhe, vipi?" mkewe akauliza.

"Nimefaulu."

"Na njia panda je?"

"Nimepita. Lorraine alikuwepo, na Gilles pia."

"Ukawapungia?"

"Sikuwapungia."

Bernadette akaweka uma chini. "Hata kichwa hukutikisa?"

"Hata kichwa."

Bernadette akamtazama mzee huyu aliyeishi naye miaka yote hiyo, kisha akauvuta ule mkono wake wa kulia akaupakata.

"Kumbe unanipenda hivyo," akasema.