Gemu ya Marehemu Mwanangu

Likizo hii mjukuu wangu wa kike alifungua kabati la marehemu baba yake, mwanangu, akatoa kimashine cha gemu ambacho marehemu alikichezea ujanani. Akakiunganisha na runinga hapa kwangu Ifakara. Bado kinawaka. Gemu yenyewe ni ya safari: kijana anatoka kwao, anapita vijiji vya watu, anasema nao, anapigana na majoka, anasonga mbele.

Kaka yake alitazama kidogo akacheka. "Watu wenyewe kama matofali. Kila ukiwasalimia wanajibu lilelile. Wewe unaipenda kwa sababu ya mzee tu."

Binti akanigeukia. "Bibi, umekaa unatazama siku zote hizi. Sema wewe. Ila usimhurumie baba, wala mimi. Gemu yenyewe ni nzuri au siyo?"

Mwenzangu, mimi niliyeachia shule darasa la pili, nihukumu gemu kwa lipi? Lakini mchezo wa namna ile niliucheza.

Utotoni tulikuwa kijijini Mofu, mimi na dada yangu, tukiamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Mpunga ukishaingia maziwa, sisi watoto tulihamia shambani, tukashinda juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, tangu umande haujakauka, vidole vikinuka udongo wa kombeo. Chakula mihogo ya kuchemsha, na perege wa kubanika bibi yetu akijaliwa kumpata. Bibi alikuwa akisema, "Ndege hana jembe, lakini anajua siku ya kuvuna." Basi kusinzia lilikuwa kosa. Ndipo dada akabuni safari. Mimi msafiri, yeye ni kila nitakayekutana naye: mwenye mtumbwi wa kuvukia Lupiro, mama muuza chumvi wa Malinyi, mamba mwenye jino bovu.

"Shikamoo mwenye mtumbwi," nasema.

"Marahaba. Miguu hiyo yote tope, na chombo nimekiosha leo?" Huku anawarushia ndege donge.

Majina ya watu wake wote ninayo mpaka leo. Hakuna aliyekujibu vilevile mara mbili.

Safari hatukuimaliza. Homa ilimchukua dada mpunga haujakatwa. Mwaka uliofuata nilipanda dungu peke yangu, nikamsalimia mwenye mtumbwi. Nikasikia ndege tu.

Basi nikamwambia binti: "Kaka yako hakukosea, watu wa humu wana neno mojamoja. Majoka yamezidi, mtu hapumziki. Na maiti kufufuka kwa dawa ya dukani, huo ni uongo mbaya. Lakini safari yenyewe imepangwa. Anachookota leo kinamfaa mbele, na wale watu unataka kujua yatakayowapata. Ule muziki wa kijijini nao unakaa kifuani. Ningekuwa simjui aliyeicheza, ningesema hivihivi. Ni nzuri."

"Kweli, bibi?"

"Mimi mama yake mwenyewe nimesema."

Binti akafuta macho kwa mkono wa blauzi, akaendelea kucheza.

Mimi nikatoka uani kugeuza mpunga wangu kwenye mkeka. Gemu ya mwanangu, anayeitaka ataiwasha, na vijiji vyote atavikuta. Mchezo wetu ulikuwa kinywani mwa mtoto mmoja, na kinywa kile tulikifukia Mofu.