Ng'ombe Walipokatiza Goli Langu

Miaka kumi na tano nimecheza beki wa kulia kwenye timu yetu ya Kitengela, na sijawahi kufunga goli hata moja. La kujifunga lipo, lakini hilo mke wangu pekee ndiye hulihesabu.

Mwaka huu goti liligoma. Nilimwahidi mke wangu kwamba mechi dhidi ya Kajiado ingekuwa ya mwisho. Akasema afadhali, amechoka kuosha viatu vinavyorudi nyumbani na nusu ya uwanja. Sikumwambia nililolitaka moyoni: goli moja tu, kisha nistaafu.

Tulikuwa sare, dakika zimebaki chache, beki wao akateleza. Mpira ukanikuta peke yangu mbele ya kipa. Ndipo ng'ombe wakaingia.

Kwetu hilo si ajabu. Njia yao ya kwenda kunywa maji inapita katikati ya uwanja. Refa hupuliza kipenga, kila mchezaji husimama alipokuwa, na mpira hukaa ulipo mpaka ng'ombe wa mwisho apite. Nilisimama mguu juu ya mpira, goti likipoa, nikiwalaani ng'ombe wa watu kimoyomoyo.

Ndama mmoja akanasa kwenye wavu uliotoboka. Kipa wao, Mmaasai mrefu aliyekulia machungani, hakuweza kuvumilia. Akamnasua, akamsindikiza hadi kwa mama yake. Refa hakuangalia huko, akapuliza mchezo uendelee.

Goli lilikuwa tupu.

"Piga, mzee! Si upige!" wenzangu wakanifokea.

Nilitaka kupiga, sitadanganya. Lakini goli la kumvizia mtu aliyekwenda kuokoa ndama ningelisimulia wapi? Nikangoja. Hata mabeki wao walisimama wakinishangaa. Kipa akarudi mbio, akajipanga, nami nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Akaudaka.

Mechi iliisha hivyo hivyo, sare. Wenzangu walininunia, nami niliona uchungu hasa. Kipa peke yake ndiye aliyekuja kunishika mkono, akanisalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, mzee. Ukuje marudiano. Usipokuja, nitajua umeniogopa."

Nikachechemea hadi kando ya uwanja, mke wangu alikokuwa ameyasikia yote, nikavua viatu bila kumtazama usoni.

"Ulimngoja," akasema.

"Nilimngoja."

Akaliangalia goti langu. Kisha akavichukua viatu, akavigonganisha mpaka udongo mweusi ukadondoka.

"Hayo marudiano ni lini?"