Kishikio cha Kikombe cha Mama
Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, na huyu wetu hakuwaangusha. Miaka thelathini aliwafinyangia watu vikombe, na nyumbani kwake mama yake mzazi ananyweshwa maji kwa kijiko. Mikono ya mama ilianza kutetemeka tangu alipopata kiharusi, miaka miwili nyuma. Kila kikombe alichopewa alikimwaga kifuani, mwisho akaapa hashiki tena, na mdomo akawa anaufumba kwa makusudi. Daktari hakumung'unya maneno: asipokunywa vya kutosha, hafiki mbali. Basi kila siku binti huyo mfinyanzi anamkamata kidevu, anamlazimisha, kijiko baada ya kijiko, na wakimaliza wote wawili wamenuniana.

Ndipo karakana anakofanyia kazi ikaleta mwalimu wa kuwafundisha mafundi kubuni vitu upya. Mwalimu gani huyo! Siku ya kwanza aliwataka wachore vikombe thelathini kwa robo saa, hata vya kipuuzi. Siku ya pili wanywe chai kwa mkono wasiouzoea. Mfinyanzi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kikombe ni kikombe, alisema, kinataka shule ya nini? Siku ya tatu wakaambiwa wafumbe macho, kila mmoja amfikirie mtu wake, kisha afinyange kishikio bila kuangalia. Hapo kicheko kilimkauka. Alimfikiria mama.

Alipofumbua macho, moyo ulimlipuka paa. Kwenye udongo mbichi palikuwa na alama za vidole vinene, vitatu vizima na cha nne kimeishia kwenye kifundo. Vidole vyake yeye ni vyembamba, na vyote vizima. Aliyekuwa na mkono wa namna ile ni marehemu baba yake, seremala, aliyekatwa na msumeno ujanani, na huu ni mwaka wa saba tangu azikwe. Mwalimu alikisifu sana kishikio kile. Mfinyanzi alikibandika kwenye kikombe, akakitia tanurini huku akiomba kipasuke. Vikapasuka vya wenzake vitatu, hicho kikatoka salama.

Angekitupa, ila mama alikuwa hajameza kitu tangu jana. Akapiga moyo konde, akakijaza maji. Mama alipitisha vidole kwenye kishikio, na mtetemo ukakoma papo hapo. Akanywa mpaka tone la mwisho, akaomba tena. Binti alilia kwa furaha, na hofu yote aliisahau.

Ilimrudia baada ya wiki. Mama hakukiachia tena kikombe, hata kikiwa kitupu, hata usingizini. Akawa anakinong'oneza na kukichekea. Asubuhi vidole vyake vilikuwa na michubuko. Binti akaona sasa basi, akamwambia akitoe kivunjwe, atamtengenezea kingine.

"Ukikivunja, nitashikwa na nani?" mama aliuliza, pole pole kabisa. "Wewe miaka yote hii unanishika kidevu."

Yalimchoma, maana yalikuwa kweli tupu. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimshika mama mkono, hivi hivi tu, asipate jibu. Akapiga magoti kando ya kitanda, akanyoosha kiganja. "Nishike mimi, mama. Sitakuachia."

Mama alimtazama kwa huruma, akavuta mkono kutoka kwenye kishikio. Haukutoka. Akavuta tena, na ncha za vidole zikaanza kupauka.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Aniachie kwanza."