Simba Alienda Mpira

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu Wamarekani wakitazama mechi ya besiboli uwanjani, kila mmoja na mbwa wake. "Mum, ati mbwa wanaenda mechi!" akacheka. Mimi sikucheka.

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Mweiga, baba alikuwa akienda mpira na Simba, mbwa wetu. Siku moja nilivaa viatu vyangu vya kanisa nikasimama langoni, tayari. "Wewe baki umsaidie mama yako na viazi," baba akaniambia, kisha akampigia Simba mluzi. Nilimenya viazi nikisikia kelele za uwanjani zikivuka mashamba, nikaamini kabisa kwamba Simba anashangilia huko, amekaa kwenye kiti changu.

Waliporudi jioni nilimvuta Simba nikamnusa. Alinuka nyasi zilizokanyagwa, sigara na mahindi ya kuchoma. "Nani ameshinda?" nikamuuliza kwa hasira. Akanilamba pua tu.

Sasa najua baba alimchukua Simba amlinde na fisi wa njiani. Lakini nikiwaona mbwa hao wamekaa vitini, bado najiuliza ni msichana gani ameachwa nyumbani akimenya viazi.