Karata ya Mtoka Jela

Odilo Haule alikuwa mtu wa maneno machache, na Makambako walimpenda kwa hilo. Alitunza ghala la Mzee Abdulaziz, mfanyabiashara wa mbolea na viazi, na kwa miaka minne hakuna hata gunia moja lililopotea mkononi mwake. Watu walidhani ukimya ule amezaliwa nao. Hawakujua kwamba nyuma yake kulikuwa na kitu anachokilinda.

Mwaka 1984, kwao Ludewa, wakati sukari ikigawiwa kwa vipimo na watu wakipanga foleni tangu alfajiri, yeye na wenzake wawili walivunja duka la kijiji wakabeba magunia mawili ya sukari na doti kadhaa za vitenge. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Alifungwa miaka mitano. Alipotoka, sukari ilikuwa ikiuzwa kwenye kila baraza, imerundikwa wazi kama mchanga. Alisimama mbele ya duka moja akiitazama mpaka mwenye duka akamuuliza kama ananunua au anahesabu punje. Hakurudi kwao. Alishuka Makambako, mji ambao karibu kila mtu alikuwa ametoka kwingine, akamwambia Mzee Abdulaziz kwamba miaka ile yote alikuwa akivua samaki ziwani.

Starehe yake ilikuwa moja tu. Jumapili alasiri alikwenda kwa Mwalimu Emilia, mama mzaliwa wa kijiji cha Kichiwa aliyepunguzwa kazini mwaka uliotangulia, na ambaye hakuweza kukaa bila wanafunzi. Mwalimu alikuwa ametunga mchezo. Nyuma ya kalenda kubwa alichora barabara kutoka Makambako, kupitia Njombe, mpaka Ludewa, pamoja na mageti ya ushuru, madaraja na masoko yake. Kila mchezaji alivuta karata ya kipande cha boksi, na juu yake yameandikwa maisha ya mtu: mjane mwenye shamba la viazi, dereva aliyeachishwa kazi, mhubiri. Tangu hapo ulikuwa mtu huyo. Ulisema kwa kinywa chake na ukabeba yaliyompata. Ukifika kwenye kizuizi ulirusha punje tano za mahindi zilizochomwa upande mmoja. Tatu zikionyesha weusi, umepita.

Kilichosumbua ni karata ya Mtoka Jela. Mwalimu aliiandika hivi: "Anajua kufuli zote. Kila kizuizi anaongezewa punje mbili nyeusi." Basi aliyeipata alishinda. Sudi, mpwa wa Mzee Abdulaziz, alishinda nayo Jumapili tatu mfululizo.

"Msinisogelee," alisema kwa sauti nzito, mabega juu. "Mimi nimelala na wauaji."

"Wewe umelala na kunguni wa kitanda cha mjomba wako," alijibu Rukaiya, muuza mitumba, ambaye ulimi wake uliogopwa soko zima. "Mwalimu, karata hii haifai. Ni kama kucheza mpira na refa ni shemeji yako."

Mwalimu akaifuta, akaandika kwamba Mtoka Jela anapunguziwa punje mbili. Jumapili iliyofuata ikamwangukia Rukaiya mwenyewe, na hata Njombe hakufika.

"Sasa nimekuwa maiti ya kutembea!" alilalamika. "Mnacheza nami au mnanizika?"

Mwalimu Emilia akaweka kalamu chini. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na mitatu, na hakupenda kushindwa na kipande cha boksi. "Ikizidi, mchezo unakufa. Ikipungua, unakufa vilevile. Nadhani niitoe kabisa."

"Usiitoe, Mwalimu," alisema Odilo.

Wote wakamgeukia. Angeweza kuishia hapo. Sudi alikuwa amekaa bega kwa bega naye, na lolote litakalosemwa pale lingemfikia mjomba kabla ya swala ya magharibi. Mzee alimwamini na ghala lake. Mbali na Mzee, Odilo hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini. Lakini alikuwa akiitazama ile karata kwa wiki nne, na kila wiki walikuwa wakimcheka au wakimwogopa mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

"Jela hawafundishi kufuli," alisema. "Nilikaa miaka mitano. Tulifyatua matofali na kulima mahindi."

Sudi akacheka. "Leo umevuta karata gani, bwana ghala?"

"Sijavuta karata, Sudi."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Emilia hakushangaa kwa sauti, wala hakumpa pole. Alichukua kalamu yake. "Basi nifundishe. Inampa nini, na inamnyima nini?"

Odilo akaisogeza ile karata karibu. "Inampa subira. Matope yakiwakwamisha nyinyi zamu mbili, yeye asikwame hata moja. Baridi na njaa amekwisha kuzizoea. Ila getini asirushe punje. Arushe za nini? Watu wanataka barua ya balozi wa nyumba kumi, na balozi anauliza, nani anakufahamu? Lazima mchezaji mwingine amdhamini kwa punje zake. Akiharibu, wameharibikiwa wote wawili."

"Na asipopata mdhamini?"

"Anakaa hapohapo."

"Wewe alikudhamini nani?" aliuliza Rukaiya, safari hii kwa upole.

"Hakuna. Nilidanganya."

Waliijaribu kanuni mpya palepale. Karata ikamwangukia Sudi, na baada ya vitisho vyake vyote hakuna aliyetaka kumdhamini. Ilibidi amwite Rukaiya "dada yangu mpenzi" mara tatu ndipo apite geti la kwanza. Mchezo ulikuwa mtamu kuliko siku zote, lakini Odilo hakuumaliza. Aliaga, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Abdulaziz, akamkuta anatoka kuswali alasiri.

"Shikamoo, Mzee. Ile miaka mitano sikuwa ziwani. Nilikuwa jela, kwa kuvunja duka."

Mzee akavaa kiatu kimoja, kisha cha pili. "Nani mwingine anajua?"

"Sudi, na wenzetu wa mchezoni. Wamejua leo."

"Kwa hiyo umekuja ili Sudi asikutangulie."

"Ndiyo. Na pia nimechoka, Mzee."

"Kuiba, uliwaibia wenye duka," alisema Mzee. "Mimi umenidanganya miaka minne, ukila sahani moja na mimi." Akanyoosha mkono, akapokea funguo. "Kesho uende kwa wapakiaji."

Akaenda. Alibeba magunia mgongoni pamoja na watu aliokuwa akiwasimamia juzi, wakamtania walivyotaka, naye hakumjibu mtu vibaya wala kukosa hata siku moja. Wengine wangepanda basi la Iringa wakaanze uongo mpya. Rukaiya alikwenda kwa Mzee kumsemea. "Andika jina langu. Akiiba, chukua marobota yangu."

"Na wewe nani atakudhamini?" Mzee akamuuliza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ilipita miezi saba. Mwezi Juni, baridi ikiwa kali, Mzee Abdulaziz alimkuta Odilo nje anapakia viazi. "Hawa vijana wameegemeza mbolea ukutani, imeshika unyevu. Ingia uwaonyeshe."

Odilo akaingia, akaanza kuyahamisha magunia juu ya mbao, moja baada ya jingine. Mzee alisimama mlangoni, akamtazama mpaka saa sita. Siku ya pili akasimama tena. Siku ya tatu alikwenda kunywa chai, akamwachia ghala.