Nabintu aliyeshuka jukwaani ili sisi tucheze

Nabintu ameenda. Nimeandika hayo maneno nikayafuta, nikaandika tena.

Rafiki yangu Nabintu, ambaye wengi wenu mlimjua hapa Louisville kabla hajahamia Buffalo, ametutoka Jumanne hospitalini. Ugonjwa haukumpa hata nafasi ya kujibishana nao. Na vile alivyopenda kujibishana!

Baby amelala kwenye mkono wangu wa kushoto, naandika na wa kuume. Mkiona makosa mnisamehe. Sitaki kuwaliza. Nataka niwaambie habari ya siku tuliyocheza naye Columbus.

Tulianza naye hapa South End, tukifunga box, warehouse moja, line moja, break moja. Sombe yake, kisamvu cha kwetu, alikuwa anaiweka katikati yetu: "Mama Baraka, kula, unanyonyesha." Nikisema nimeshiba, alikuwa anasukuma sahani tu.

Alipohamia Buffalo hakuiacha kwaya yetu ilale. Alitufundisha kwa video, yeye kwenye jikoni yake karibu na Grant Street, sisi kwenye chumba cha chini cha kanisa, simu tumeiegemeza kwenye ngoma.

Sasa mnajua kwaya zetu. Vitenge rangi moja, mguu mmoja, mkono mmoja. Na tuna sheria: mwenzako wa mbele akikosea, kosea naye, watu wasijue.

Siku moja akatuletea idea. "Tutaanza sawasawa kama kawaida. Halafu mmoja mmoja anatoka kwenye mstari, anacheza ya kwake. Mwili wake, maisha yake."

Mama Riziki, kiongozi wetu, akasogelea simu mpaka pua ikajaa kwenye screen. "Ya kwake ni gani, binti yangu? Hii ni kwaya ama ni soko?"

"Ni soko, mama. Kila mtu alete bidhaa yake."

Ya Nabintu ilitoka kazini. Alikuwa anatunza wazee North Buffalo, wale wasioweza kujigeuza kitandani. Goti chini, mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, polepole polepole, hop! Aliicheza vizuri mpaka unamwona huyo bibi anageuka.

Mimi nikamwambia sina ya kwangu. "Natikisa chupa ya mtoto, nafunga box, nalala. Basi."

"Donc, basi, ziko tatu. Chagua moja."

Siku ya Columbus, makanisa yetu yote yamekutana, Nabintu amekuja kutoka Buffalo, ukumbi umejaa. Tukaanza sawasawa, safi kabisa. Nabintu akatoka wa kwanza kwenye mstari. Goti, bega, kiuno, hop.

Na sisi, jamani, wote, tukatoka nyuma yake! Goti, bega, kiuno, hop! Kwaya nzima inageuza wazee ambao hawapo.

Akageuka, akatukuta. Akasimama. Tukasimama. Akajikuna kichwa kwa mshangao. Nawaambia ukweli, Mama Riziki naye akajikuna kichwa.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti. Baraka wangu alikuwa amekaa mbele kabisa: "Mommy, you guys are copying!"

Ndipo Nabintu akafanya kitu ambacho sitasahau. Akashuka jukwaani. Akaenda kukaa kando ya Baraka, akakunja mikono, akatuangalia.

"Bon, haya. Sasa mutafuata nani?"

Ngoma inapiga. Hakuna anayesogea. Nikaangalia kulia, kushoto, wote wananiangalia mimi.

Mikono yangu ikaanza yenyewe. Ikatikisa chupa. Nikadondosha tone kwenye mkono kuona kama joto ni sawa, nikasinzia nimesimama, nikashtuka, nikatikisa tena. Wamama ukumbini wakapiga vigelegele. Ile wanaijua!

Mama Riziki akatoka akatwanga sombe, anatwanga kabisa, kilemba kikaanguka na hakukiokota. Baada ya hapo nani angetuzuia? Kila mtu na ya kwake. Nabintu pale kwenye kiti alikuwa analia kwa kucheka, anampiga Baraka mgongoni: "Angalia mama yako! Angalia!"

Nilienda kumwona hospitalini, Buffalo. Safari hii yeye ndiye hakuweza kujigeuza. Nikasema ngoja nimwite nurse.

"Nurse wa nini? Wewe si ulifanya hii Columbus mbele ya watu wote?"

Nikaweka goti. Bega, kiuno. Polepole. Hop.

"Upande wa dirisha," akasema. "Hapo ndio nalala vizuri." Halafu akafungua jicho moja. "Leo umecopy vizuri."

Tulicheka mpaka nurse akaja mwenyewe.

Jana Mama Riziki amenipigia, sauti imeisha. "Binti yangu, siku ya kumzika tuimbe tu. Ile dansi tuiache. Bila yeye tutamfuata nani?"

Nikamwambia, "Mama, hilo ndilo swali alilotuuliza. Tulishamjibu. Tutaicheza."

"Na watu wazima watakaokuja kwenye maziko? Watasema nini?"

"Tutawapa viti vya mbele."

Kisha nikasikia anacheka huku analia. "Basi nitafunga kilemba kwa nguvu."

"Usifunge kwa nguvu, mama."

Donc, Nabintu, Jumamosi tunakuja Buffalo. Ruhusa ya kukosa shift nimeshaomba, na wakikataa nakuja. Vitenge rangi moja, usijali. Tutaanza sawasawa, halafu kila mtu atatoka na ya kwake. Mimi na chupa yangu, Mama Riziki na kinu chake. Hakuna atakayemwangalia mwenzake.

Mwisho tutarudi kwenye mstari, na tutacheza ya kwako, wote pamoja, mara hii kwa kupenda. Goti. Bega. Kiuno. Polepole, tusikuumize.

Upande wa dirisha, rafiki yangu. Hapo ndio unalala vizuri.