Kanzu ya kwa Sévère

Cherehani ya Spès ilikuwa imelala mwaka mzima, na habari hiyo ilikuwa imefika mpaka Lubarika kwa wakwe zake. Baba yake ndiye aliyeivusha mto Ruzizi siku alipomwoza kwa André, Mfuliiru wa Uvira, ili binti asiingie ugenini mikono mitupu. Lakini mtaa mzima wa Rugenge hakuna aliyemletea hata suruali iliyotoboka. "Yule Mrundi," walisema, "nani anajua kwao wanashona nini." Sasa mama mkwe wake, Félicité, alikuwa ametuma neno: Jumapili angekuja kwa misa ya kipaimara, na akirudi angeondoka na cherehani ampe binti yake mwenyewe. Chombo, alisema, hakikuolewa ili kije kulala.

Basi Jumamosi asubuhi Célestine, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipoingia na kitambaa cheupe begani, Spès nusura amwangukie miguuni.

"Kazi imekuja, dada! Kanzu ya kwa Sévère, yule katekista mupya aliyetoka Mulenge. Anaitaka kesho ku misa."

"Vipimo viko wapi?"

Célestine akatoa kamba ya katani yenye vifundo. Kifundo cha kwanza mabega, cha pili kifua, cha mwisho urefu.

Kwao Spès, kanzu ni vazi la mwanamke, na hata hapa Rugenge wanawake wakisema kanzu wanamaanisha gauni walilovaa. Kwa hiyo hakuuliza. Aliona mbele yake mke wa katekista, ambaye hakuna aliyekuwa amemwona bado, akiingia kanisani kesho mbele ya mama mkwe, amevaa kazi ya mikono yake. Alitandika kitambaa mkekani, akanyoosha kamba juu yake, akamwita Mungu wake kwa lugha ya kwao.

"Mana yanje! Huyu mama ana mabega haya?"

Marie-Jeanne, rafiki yao wa tatu, aliyekuja kusaidia na mpaka sasa alikuwa amesaidia kula karanga, aliinama kutazama. "Wanawake wa Mulenge wanakunywa maziwa, weye. Huyu iko mulima."

"Na urefu huu?"

"Mulima na mawingu yake."

Wakacheka mpaka Célestine, aliyeshika mkono wa cherehani, akauzungusha kama anayetwanga mihogo, na uzi ukakatika. Spès akautunga upya. Ukakatika tena.

"Polepole, Célestine. Hii si kinu."

"Minye niko polepole. Ni mashini yako iko na haraka."

Spès akautunga mara ya tatu. Marafiki aliokuwa nao ugenini ni hawa wawili tu, na siku kama hiyo aliona hata wawili wamezidi. Akawaacha waongee, yeye akashona. Kiuno akakibana. Sketi akaipa upana wa vitambaa vitatu na kuikunja marinda, maana mwanamke mkubwa hushonewa vazi lenye heshima. Mikono akaifanya mifupi, iliyofura begani kama ya wasichana wa shule ya masista. Jua lilipopita utosi zilikuwa zimebaki pindo na kola.

Hapo Célestine akasimama. "Twende Kalundu. Meli imefika."

"Meli itarudi siku nyingine. Kanzu ni ya kesho."

"Mwaka muzima uko Uvira, haujaona bandari! Watu wa kwenu wakikuuliza, utawaambia umeona nini? Ukuta wangu?"

"Nitawaambia niliona uzi ukikatika."

Célestine alichomoa kidonge cha uzi juu ya cherehani, akakitumbukiza kifuani mwake, akatoka. "Uzi unaenda kuona meli," alisema akiwa uani. "Mwenye kuutaka aufuate."

Spès akaufuata. Angefanya nini? Njia nzima kando ya ziwa alitembea amenuna, Marie-Jeanne akimwonyesha kila kitu kana kwamba ni kipofu: ile nyumba ya Mbelgiji mwenye maua, ule mti ulioangukia baiskeli ya polisi, pale kiboko alipotokea akala viazi vya mama fulani. Kalundu wakaiona meli. Ilikuwa meli. Wanaume walishusha magunia, mzungu mmoja akawafokea, mwingine akapangusa shingo.

"Na kule?" Marie-Jeanne aliuliza, akinyoosha kidole ng'ambo ya maji. "Ile milima mizuri ni wapi?"

"Kwetu," alisema Spès. "Mmenitembeza jua lote hili mnionyeshe kwetu."

Wakacheka tena, na safari hii hata yeye mdomo ulimcheza kidogo. Kidogo tu. Hapo ndipo sauti nene ilipoita kutoka kwenye mikeka ya ndagala, wale dagaa wa ziwani: "Célestine! Kanzu yangu iko inaendelea?"

Spès akageuka. Aliyeita alikuwa mwanaume mrefu kama mlingoti, mabega yake yanaweza kubeba mlango pamoja na fremu yake. Kando yake mwanamke mwembamba, anayemfikia kwenye kiwiko, alikuwa akichagua ndagala mmoja mmoja.

"Inaendelea, katekista," alijibu Célestine.

"Mungu awabariki. Kesho nitatangulia watoto wa kipaimara, nisije nikaonekana mushenzi."

Akaondoka na mke wake. Spès aliyatazama yale mabega mpaka yalipopita kona, na akilini akayavika mikono iliyofura.

"Kanzu yangu," alisema polepole. "Célestine. Amesema kanzu *yangu*."

"Na minye si nilikuambia kanzu?"

"Uliniambia ya kwa Sévère! Ya kwa! Kwa Sévère kuna mke, kuna watoto, kuna na paka!"

"Sasa minye najua je? Kanzu ni kanzu. Hata padri anavaa kanzu."

"Nipe uzi wangu."

"Usikasirike..."

"Uzi!"

Njia ya kurudi hakuna aliyemwonyesha kitu. Alifumua marinda jua likielekea milimani, wale wawili wameketi kama watoto waliovunja chungu, wakichomoa nyuzi kwa meno. Kitambaa kimoja cha sketi kilipotoka, sketi ikashuka wima, na kitambaa hicho kikatosha mikono mirefu miwili. Lakini mshono wa kiuno haukuwa na dawa. Ulikaa pale katikati, na kanzu ya mwanaume haina kiuno.

"Ataonekana kama amevaa ya mke wake," alisema Marie-Jeanne.

"Mke wake angeingia mara mbili," alisema Célestine. Spès alipomkazia jicho, akaongeza upesi, "Lakini padri anajifunga mukaba. Hapa hapa kiunoni."

Lilikuwa neno lake la kwanza lenye faida siku nzima. Spès akashona mkaba kwa vipande vilivyobaki, mkanda mpana wa kufunika kosa.

Jumapili Sévère akawatangulia watoto, mkaba umemkaza, akitembea kwa madaha ambayo Mulenge hawakumjua nayo. Wanaume wakageuza shingo. Misa ilipotoka, Félicité akasimama mlangoni mwa kanisa.

"Ile kanzu ya mukaba, nani aliishona?"

"Sisi!" alisema Célestine.

Spès akafumba macho. Félicité hakumtazama Célestine. "Mukamwana, nionyeshe mikono."

Akaitoa. Vidole vilikuwa vimechomwa sindano kila upande. Mama mkwe alivigeuza mara moja, akaviachia.

"Mashini ibaki. Binti yangu ataleta kitambaa yake huku kwako."

Spès akapiga magoti kushukuru. Hakuwa amesimama vizuri Célestine alipokuja akimkimbilia, kamba nyingine inaning'inia mkononi.

"Kazi, dada! Léopold wa duka anataka kanzu ya mukaba..."

"Anataka yeye ao mke wake?"

Célestine akaitazama kamba kana kwamba itajibu.

"Rudi," alisema Spès. "Niletee muntu mwenyewe. Kamba zako sizitaki tena."